Lori Kuukuu, Injini Ngeni na Somo la Hisabati

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, walimu wanafunzi huniletea maandalio ya somo la uwiano yanayofanana kama mapacha. Utakuta humo uwiano wa wavulana na wasichana darasani, uwiano wa machungwa na maembe kapuni, na mgawanyo wa faida baina ya Juma na Asha waliofungua duka. Sina ugomvi na Juma na Asha. Wamefanya kazi yao kwa uaminifu katika vitabu vya hesabu kwa miaka mingi. Neno langu ni kwamba hapa Songea watoto wetu hupita kila siku, waendapo shule na warudipo, mbele ya kazi ambayo uwiano ukikosewa adhabu yake huzidi alama ya wino mwekundu daftarini, kwa maana chuma huvunjika na lori hurudi nyuma mlimani. Kazi hiyo ni ya kubadili injini na gia boksi katika malori makuukuu ya dizeli.

Rai yangu ni kwamba kazi hiyo ni somo la Hisabati lililokamilika, la kiwango kile kile cha madarasa ya juu ya shule ya msingi, na kwamba mwalimu anayeipita bila kuitazama anapoteza zana bora kuliko zote alizopewa na mazingira yake. Natambua kwamba wapo wakufunzi wenzangu wasiokubaliana nami. Hoja zao nitazifikia baada ya kueleza kazi yenyewe, kwa sababu aghalabu mabishano ya jambo hili huendeshwa na watu wasiojua kinachotendeka chini ya lori.

Kwanza tujiulize kwa nini kazi hii ipo. Malori ya mizigo yaliongezeka sana katika nyanda za juu kusini baada ya Novemba 1965, wakati serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta yake na shaba yake. Njia hiyo ilikuwa barabara ya kutoka Dar es Salaam, inayopita Makambako. Kutoka Makambako tawi la barabara hushuka kusini hadi Songea, nalo lilitiwa lami katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Malori ya siku hizo yalikuwa Bedford na Leyland kutoka Uingereza, Fiat kutoka Italia, na baadaye Scania, ambayo yaliunganishwa hapa hapa nchini katika kiwanda cha TAMCO kule Kibaha.

Kisha ikaja dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na katikati yake kulikuwa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na vipuri vikawa adimu kuliko fedha. Lori likifa injini lilisimama uani likaota majani, huku chesisi yake, bodi yake na ekseli zake zikiwa nzima. Tangu mwaka 1984, biashara ya kuagiza bidhaa ilipoanza kulegezwa, injini zilizotumika zilianza kupatikana, nyingi kati yake zikiwa za Kijapani. Naye General Motors alijitoa katika utengenezaji wa malori ya Bedford huko Uingereza katika miaka ya 1986 na 1987. Basi ikawa chuma cha Uingereza kimebaki bila moyo, na moyo wa Kijapani upo sokoni bila mwili. Fundi akapewa kazi ya kuvikutanisha vitu viwili ambavyo waliovibuni hawakuwa na nia vikutane.

Nasema malori makuukuu kwa sababu maalumu. Injini ya dizeli ya zamani huhitaji vitu vichache ili iwake: mafuta yaliyo safi, hewa, na stata ya kuizungusha. Pampu yake ya mafuta huendeshwa na meno ya chuma, si na kompyuta. Injini nyingi za siku hizi hutawaliwa na kisanduku cha umeme, na ukiihamisha injini bila kisanduku hicho na nyaya zake zote, umehamisha jiwe. Ndiyo maana ufundi huu umeshikamana na malori ya umri fulani, nayo bado hubeba mahindi na mkaa wa mawe katika mkoa wetu.

Sasa tuingie ndani ya kazi. Injini na gia boksi hukutana katika duara. Nyuma ya injini lipo kasha la mviringo linalofunika flaiwili, na mdomo wa gia boksi hufungwa juu ya kasha hilo kwa bolti zilizopangwa kuzunguka duara. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliweka vipimo vya maduara hayo na kuvipa namba, ili injini ya kiwanda kimoja iweze kukubali gia boksi ya kiwanda kingine. Katika kipimo namba 3, kwa mfano, bolti ni 12, nazo zimekaa juu ya duara lenye kipenyo cha milimita 428.6. Katika namba 2 bolti ni 12 vilevile, ila kipenyo ni milimita 466.7. Laiti viwanda vyote vingefuata vipimo hivyo, fundi wa Songea angekuwa na kazi nyepesi. Baadhi ya watengenezaji wana mipangilio yao wenyewe, kwa hiyo mara nyingi injini na gia boksi hukataana. Hapo fundi hukata bamba nene la chuma, akatoboa juu yake maduara mawili ya matundu, moja la kuikubali injini na moja la kuikubali gia boksi. Bamba hilo ndilo mkalimani wa mashine mbili zisizojua lugha moja.

Ningependa mwalimu mwanafunzi asimame hapa kwa muda mrefu, maana katika bamba hili imo jiometri ambayo sisi huifundisha kwa kukaririsha. Utagawaje duara katika sehemu 12 zilizo sawa? Mwanafunzi aliyekariri atasema: tafuta mzingo, ugawe kwa 12, kisha upime urefu huo mara 12. Jawabu linaonekana safi. Tulifuate basi kwa kipimo namba 3. Kipenyo cha milimita 428.6 kinatoa mzingo wa takriban milimita 1,346. Gawa kwa 12, unapata milimita 112.2. Fundi akifungua bikari yake kwa milimita 112.2 na kuanza kuruka nayo juu ya duara, atakapofika alama ya mwisho atakuta ameipita alama ya kwanza kwa takriban milimita 16. Bamba limeharibika, na bamba la chuma nene si karatasi ya kurarua na kuanza upya.

Kosa liko wapi? Mzingo hupimwa kwa kufuata upinde, lakini ncha za bikari hukata njia ya mkato, zikienda mstari ulionyoka kutoka alama moja hadi nyingine. Mstari ulionyoka ni mfupi kuliko upinde. Kwa duara hilo urefu sahihi wa kuruka ni takriban milimita 110.9. Tofauti ya milimita moja na robo hivi, ambayo mtoto angeiita si kitu, hujirudia mara 12 na kuwa kitu kikubwa.

Wala fundi hodari hahitaji kujua trigonometria ili asitumbukie humo. Hufungua bikari kwa urefu wa nusu kipenyo na kuruka nayo mara sita, maana nusu kipenyo huingia mara sita kamili kuzunguka duara lolote. Amepata pembesita. Kisha hugawa kila nafasi katikati, akapata 12. Jambo hili limo katika vitabu vyetu, na watoto hulichora kwa utii katika daftari kisha hulisahau, kwa sababu hawakuambiwa limewahi kumfaa nani.

Mwalimu asiye na bamba wala gereji anaweza kulifanya somo hili uwanjani. Achome kijiti ardhini, afunge kamba ya mita moja, watoto wachore duara la kipenyo cha mita mbili. Kundi la kwanza lipewe fimbo iliyokatwa kwa sentimita 52.3, yaani mzingo uliogawanywa kwa 12. Kundi la pili litumie kamba yenyewe ya mita moja, lipate alama sita, kisha ligawe kila nafasi katikati. Kundi la kwanza litaipita alama yake ya mwanzo kwa takriban sentimita saba, na litaanza kulaumiana kwamba fulani hakuishika fimbo sawasawa. Mwalimu asiseme kitu. Awaache warudie. Watakapopata kosa lile lile mara ya pili, swali litakuwa limezaliwa na wao wenyewe, na hiyo ndiyo saa ya kufundisha.

Baada ya matundu kuna suala la kitovu. Maduara mawili ya bamba ni lazima yawe na kitovu kimoja. Shafti ya gia boksi huingia katikati ya diski ya klachi, na ncha yake hukaa ndani ya beringi ndogo nyuma ya krankishafti. Kitovu kikihama hata nusu milimita, shafti hiyo hulazimishwa kuzunguka huku inasukumwa upande. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, shafti husukumwa mara 2,400 kwa dakika. Katika safari ya saa kumi hiyo ni mara 1,440,000. Mpe mtoto wa Darasa la Tano hesabu hiyo ya kuzidisha, na umwambie ni hesabu ya nini, naye ataelewa kwa nini beringi iliyofungwa jana inalia leo. Ataelewa pia kitu ambacho sisi tunashindwa kukieleza tunapofundisha desimali: kwamba sifuri nukta tano ni kiasi halisi, wala si mapambo ya kuandika baada ya namba.

Hapo hapo desimali nyingine inangoja. Bedford ni gari la inchi, na injini ya Kijapani ni ya milimita. Tundu la bolti ya nusu inchi ni tundu la milimita 12.7. Bolti ya milimita 12 itaingia humo bila shida, na kurahisika huko ndiko kunakodanganya, kwa kuwa imebaki nafasi ya sehemu saba za kumi za milimita ya kuchezea. Fundi mvivu hukaza nati kwa nguvu zaidi. Fundi mwenye akili huziba nafasi hiyo kwa kichuma cha duara alichokereza, au hutia pini za kuelekeza ili bolti zifanye kazi ya kubana tu, na pini zifanye kazi ya kushika mahali.

Naja kwenye uwiano wenyewe, ambao ndio ulionifanya nishike kalamu. Tuseme lori lina difu yenye uwiano wa 6 kwa 1, yaani shafti huzunguka mara sita ili gurudumu lizunguke mara moja. Tuseme gia ya juu kabisa ni ya moja kwa moja, na gurudumu likizunguka mara moja lori husogea mita 3.2, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa tairi za malori hayo. Injini ya awali ilikuwa na mwisho wa mizunguko 2,400 kwa dakika. Gawa kwa 6, gurudumu linazunguka mara 400. Zidisha kwa mita 3.2, lori linakwenda mita 1,280 kwa dakika, nazo ni kilometa 76.8 kwa saa.

Sasa mwenye lori ameletewa injini nzito, yenye nguvu nyingi, iliyotoka katika lori kubwa zaidi, lakini mwisho wake ni mizunguko 1,800. Kwa hesabu ile ile lori litakwenda kilometa 57.6 kwa saa na halitazidi hapo katika tambarare. Mwenye lori hulalamika kwamba ameuziwa injini mbovu, kumbe injini ni nzima na uwiano ndio mbovu. Mwingine ameletewa injini ndogo yenye mwisho wa mizunguko 3,200. Lori lake sasa laweza kufika kilometa 102.4 kwa saa. Hufurahi hadi afike mlima Lukumburu, kwenye barabara ya Njombe, akiwa na tani zake za mahindi. Hapo atagundua kwamba injini hiyo hutoa nguvu zake katika mizunguko ya juu, na kila mwinuko unapoishusha mizunguko, nguvu nazo hukimbia. Gia zilizokuwa zikimfaa mzee aliyeondolewa hazimfai kijana aliyeletwa.

Ndiyo sababu fundi anayejua kazi huuliza kwanza habari za gia boksi na difu kabla ya kuuliza bei ya injini. Gia boksi ya zamani ilitengenezwa kuhimili nguvu ya injini ya zamani, na ukiifunga nyuma ya injini yenye nguvu zaidi, meno yake hukatika. Ukileta injini pamoja na gia boksi yake iliyozaliwa nayo, umepona tatizo la bamba na la meno, lakini umeingia tatizo lingine: gia boksi mpya ni fupi au ndefu kuliko ya kwanza, kwa hiyo propela shafti haifiki au imezidi. Ni lazima ikatwe au iongezwe, ichomelewe ikiwa imenyooka kabisa, na isawazishwe uzito. Tena kirungu cha gia huenda kikatokea chini ya kiti cha dereva. Kila suluhisho huzaa swali, na hayo ndiyo mafunzo ya fikra ambayo tunayahubiri katika kozi ya mbinu za kufundishia.

Lipo jambo moja katika uwiano huu ambalo halipaswi kubaki gereji. Tumesema lori lililokuwa likienda kilometa 76.8 sasa laweza kwenda 102.4. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja. Mtoto atadhani breki nazo zitahitaji theluthi moja zaidi ya kazi. Sivyo. Nishati ya kitu kinachokwenda hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wake: theluthi nne zikizidishwa kwa theluthi nne ni 16 juu ya 9, yaani karibu mara moja na sehemu nane za kumi. Ngoma za breki na bitana zake ni zile zile zilizotoka kiwandani miaka arobaini iliyopita. Malori hayo hushuka Lukumburu yakiwa na mizigo, na pengine na abiria juu ya mizigo. Ninaposikia watu wakisifu injini iliyobadilishwa kwamba lori sasa linaruka, hujiuliza kama yupo mtu aliyelipigia hesabu siku litakapotakiwa kusimama. Hesabu hiyo ni kuzidisha sehemu kwa sehemu, mada ambayo watoto wetu huipita wakiwa na umri wa miaka kumi na moja au kumi na miwili.

Ukubwa wa injini nao ni somo. Injini ya Isuzu iitwayo 6BD1 ina silinda sita, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 102, na mwendo wa pistoni ni milimita 118. Mtoto anayejua ujazo wa silinda atachukua sentimita 5.1, ataizidisha kwa yenyewe, kwa 22 juu ya 7, kwa 11.8, kisha kwa sita. Atapata sentimita za ujazo 5,788 kwa kukaribisha. Kiwanda kimeandika 5,785. Darasa zima litataka kujua nani amekosea. Hakuna aliyekosea katika kuzidisha. Ile 22 juu ya 7 tuliyowapa ni kadirio, nayo huzidi kidogo. Je, ipo njia bora ya kumwonyesha mtoto kwamba pi haikuanguka kutoka mbinguni ikiwa na umbo la 22 juu ya 7? Na Bedford ile iliyoitwa 330 ilipewa jina kwa inchi za ujazo. Zidisha 330 kwa 16.39 ulinganishe na Isuzu, utajua kwa nini mafundi walizitazama injini hizi mbili kama watu wa rika moja.

Mengine nitayapita upesi. Lori la umeme wa volti 12 likipewa injini ya volti 24, taa, stata na betri vyote vinataka kutazamwa upya. Sampu ya mafuta yaweza kugusa ekseli ya mbele. Feni yaweza kuwa mbali na rejeta. Kadi ya gari huandika namba ya injini, kwa hiyo injini ikibadilishwa mamlaka ya usajili hainabudi kuarifiwa. Hayo ni ya mafundi na wenye magari zaidi ya kuwa yetu.

Nimeahidi kuzijibu hoja za wanaopinga. Wapo wasemao kwamba gereji ni mahali pa grisi, matusi na hatari, si mahali pa watoto. Kuhusu hatari nakubaliana nao kabisa, na ninasema kwa mkazo: mtoto asiingie chini ya gari, asisimame karibu na injini inayoning'inia kwenye mnyororo, asitazame moto wa kuchomelea. Lakini somo nililolieleza halihitaji lolote kati ya hayo. Linahitaji bamba chakavu, gaskiti kuukuu ya kasha la flaiwili, gia mbili zilizotupwa na utepe wa kupimia. Fundi atakupa vitu hivyo bure ukimwomba kwa heshima, na vyote vyaweza kuletwa darasani.

Wapo wengine, na hoja yao ni nzito zaidi, wanaoogopa kwamba tutawaelekeza watoto wa wakulima kuwa mafundi wakati watoto wa wakubwa wanaelekezwa kuwa madaktari. Hofu hii ina historia. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi na akili vikae pamoja, mtoto alime na kupanga, na kuhesabu alichovuna. Katika shule nyingi kilichotekelezwa kikawa ni jembe peke yake. Watoto walilima shamba la shule na hakuna aliyewauliza gunia ngapi kwa eka, wala kwa nini shamba la jirani limezaa zaidi. Kazi ilitengwa na hesabu, na wazazi wakawa na haki ya kuichukia. Nami sisemi watoto wapelekwe gereji kufanya kazi. Nasema hesabu ya gereji iletwe darasani, kwa mtoto atakayekuwa daktari na kwa yule atakayekwenda VETA, kwani ni hesabu ile ile. Na nikiri upande wa pili: kijana anayejifunza ufundi chini ya mti kwa kushikishwa spana, bila kuambiwa sababu, naye ametengwa na akili yake. Hujua bamba hukatwa hivi, na siku akiletewa injini ya aina nyingine hukisia. Hapo beringi hulia.

Hoja ya tatu ni ya lugha. Mkufunzi mmoja aliwahi kusema maneno kama difu, klachi na flaiwili yataharibu Kiswahili cha watoto. Siafiki. Maneno hayo yamekwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili; yana irabu mwishoni na hupokea viambishi vyetu bila kinyongo. Mtoto anayesema "difu yake ni sita kwa moja" amesema sentensi ya Hisabati iliyo kamili. Mwalimu akimkatiza ili ampe neno lingine lisilotumika na mtu yeyote mjini, atakuwa amefuta hesabu kwa kutafuta msamiati.

Sasa maneno machache kwa mwalimu mwanafunzi atakayejaribu. Ziara za kujifunza katika shule zetu zina ugonjwa wake. Watoto huenda, hutazama, hurudi, na huandika insha yenye sentensi "tuliona magari mengi." Usiwapeleke watoto kutazama. Nenda wewe kwanza, peke yako, jioni, ukae na fundi kama mwanafunzi wake. Mwombe akueleze lori moja tu: lilikuwa na injini gani, limetiwa ipi, nini kilikataa, naye alifanyaje. Andika namba zote. Rudi utengeneze kutoka katika namba hizo swali moja, na swali hilo ndilo liwe somo. Fundi akikubali kuja darasani, mkaribishe kama mwalimu mwenzako, mpe kiti na chaki, wala usimsahihishe anaposema vipimo vyake kwa njia yake. Mafundi wengi hupima kwa kuhamisha: huweka gaskiti juu ya bamba na kupiga alama ndani ya matundu, bila kutaja namba hata moja. Hiyo nayo ni Hisabati, tena ya zamani sana, na darasa laweza kujadili ni lini inatosha na ni lini haitoshi. Haitoshi, kwa mfano, gaskiti ikiwa imenyauka au imevutika.

Walio karibu na Peramiho wana karakana za abasia, ambayo ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, na huko ufundi wa chuma una mizizi ya zamani. Lakini wengi wenu mtapangiwa vijiji vya Umatengo au vya upande wa Tunduru ambako hakuna gereji, na lori hupita mara mbili kwa juma. Msilalamike kwamba zana hakuna. Ipo mashine ya kusaga. Injini ya Lister ya aina ya zamani, ile yenye magurudumu mawili mazito, huzunguka mara 650 kwa dakika, na mkanda wake huendesha kinu. Wapeni watoto uzi wa kupimia mzingo wa puli ya injini na wa puli ya kinu wakati mashine imezimwa na mwenyewe amesimama hapo. Tuseme ya injini ina kipenyo cha sentimita 40 na ya kinu sentimita 10. Kinu kitazunguka mara ngapi kwa dakika? Watoto watasema 2,600. Kisha waulizeni mwenye mashine akinunua injini ya dizeli ya kisasa inayozunguka mara 1,500, naye hataki kinu kiende mbio zaidi ya zamani, anunue puli ya sentimita ngapi, na kwa nini dukani hawatamuuzia yenye kipimo hicho hasa.